Wimbo ulioanza katikati

Mwaka 2012 mzee mmoja wa Temeke aliniletea kaseti sita ndani ya mfuko wa rambo. Alitaka nimtolee nyimbo zake, niziweke kwenye flashi, mjukuu wake amhamishie kwenye simu. Ndiyo kazi yangu hiyo tangu 2006: natoa sauti kwenye kanda na santuri, naiingiza kwenye kompyuta. Kaseti tano zilikubali. Ya sita ilikuwa imeota ukungu, na wimbo mmoja wa DDC Mlimani Park Orchestra ulikuwa hausikiki tena kuanzia ubeti wa pili. Wimbo huo ninao kwenye nakala safi, mzima, tangu gitaa la kwanza mpaka mwisho wa chemko, ile sehemu ya mwisho magitaa yanapojibizana. Nikauweka pale palipoharibika, nikaona nimempa zaidi ya alichoomba.

Baada ya siku tatu alirudi. "Fundi, umenipa wimbo mwingine."

Nikamweleza kwamba ni bendi ileile, waimbaji walewale, rekodi ileile ya Redio Tanzania. Akavaa hedifoni zangu, akausikiliza wote, akatikisa kichwa. Halafu akaniimbia wa kwake. Alianzia katikati ya mstari wa kwanza, kwenye nusu ya neno, akaendelea kwa uhakika wote kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe. Nikairudia ile kaseti ya ukungu. Kweli, inaanzia hapohapo. Siku aliporekodi, mtangazaji alikuwa bado anaongea juu ya gitaa, yeye akasubiri anyamaze, kidole kikachelewa. Kwa miaka karibu thelathini wimbo huo kwake ulianza na nusu ya neno. Lile gitaa la mwanzo nililompa lilikuwa mgeni aliyeingia nyumbani bila hodi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria upya kazi ninayoifanya.

Kwa waliozaliwa kwenye enzi ya simu, ni vigumu kupata picha ya jinsi wimbo ulivyomfikia mtu wakati ule. Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, Redio Tanzania Dar es Salaam, mpaka redio binafsi ziliporuhusiwa na Radio One ikaanza mwaka 1994. Bendi zilirekodi kwenye studio za RTD pale Barabara ya Pugu, na kanda ya rekodi ikabaki maktaba ya redio. Nyimbo zilizotoka kwenye santuri zilikuwa chache, nyingi zikiwa zimetengenezewa Nairobi. Kwa hiyo ukiupenda wimbo wa Vijana Jazz au wa Maquis, njia iliyokuwepo kwa watu wengi ni kuudaka. Unakaa na redio kaseti, kanda imeshawekwa, kidole kimoja kwenye kitufe cha kupiga, kingine kwenye cha kurekodi, na watoto wameambiwa wasitikisike. Mama yangu, Morogoro, alikuwa akituonyesha kiganja tu na nyumba nzima inanyamaza. Asiye na redio yenye kurekodi ndani kwa ndani alielekeza kaseti kwenye spika ya redio nyingine, na hapo jogoo, mlango na mpita njia vyote viliingia kwenye rekodi.

Kila kaseti ya namna hiyo ilikuwa moja tu duniani. Na haiishii kwenye jogoo. Kuna jambo ambalo watu wa nje ya ufundi hawalijui, nami nalipenda kuliko yote katika kazi hii.

Kichwa cha redio kaseti kina mwanya mwembamba sana ambao kanda inapita mbele yake. Mwanya huo unatakiwa usimame wima kabisa dhidi ya kanda. Redio nyingi za nyumbani hazikuwa hivyo. Zilidondoka, zilifunguliwa na mafundi wa mtaani, skrubu ndogo iliyo kando ya kichwa ikalegea. Redio yenye kichwa kilichoinama inaandika sauti ikiwa imeinama vilevile. Piga kanda hiyo kwenye redio iliyoirekodi, utaisikia vizuri. Ipeleke kwa jirani, sauti inazibika, mwimbaji anakuwa kama amejifunika blanketi. Wengi walidhani redio ya jirani ni mbovu, au kaseti imechoka, kumbe ni pembe tu.

Ndiyo maana kabla ya kuingiza kanda yoyote nachukua bisibisi ndogo, navaa hedifoni, nazungusha skrubu ya deki yangu polepole huku kanda inapiga, mpaka matoazi yafunguke na herufi "s" za mwimbaji zisikike kali. Nikifika hapo nimeipata pembe ya redio ambayo huenda ilishatupwa miaka mingi iliyopita. Kuna redio fulani ya National iliyokaa juu ya kabati Ujiji au Tanga, sijawahi kuiona, lakini najua kichwa chake kiliegemea upande gani. Kila ninapoipata pembe hiyo huwa nakaa kimya kidogo.

Faili halina pembe. Nisieleweke vibaya, hiyo ni sifa yake kubwa. Sauti ikishapimwa na kuwa namba, nakala ya elfu ni sawasawa na ya kwanza. CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, biti 16 (tarakimu za 0 au 1) kila kipimo, kwa njia mbili, jumla biti 1,411,200 kila sekunde. Hiyo ni zaidi kidogo ya megabaiti 10 kwa dakika. Miaka ya tisini mzigo huo ulikuwa haubebeki kwenye intaneti ya simu za mezani, ndipo MP3, faili la muziki lililobanwa, ikapata nafasi yake. Ilitengenezwa na watafiti wa nchi kadhaa, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika Erlangen, Ujerumani, kwenye taasisi ya Fraunhofer alikokuwa Karlheinz Brandenburg. Lile jina la mwisho wa faili, .mp3, walilichagua Julai 1995.

Ujanja wake umejengwa juu ya udhaifu wa sikio. Gitaa la solo likipigwa kwa nguvu, sauti ndogo iliyo jirani nalo kwa noti na kwa wakati hufunikwa, sikio haliipati. Programu ya MP3 hutafuta sauti zilizofunikwa namna hiyo, na biti za kuzieleza inazipunguza au kuziacha kabisa. Kwa kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde, iliyokuwa ya kawaida sana mtaani, dakika moja inashuka hadi karibu megabaiti 1, yaani sehemu moja ya kumi na moja ya CD.

Kwa rekodi ya studio hesabu hiyo inaenda vizuri. Kwa kaseti ya mama yangu inakwama. Ile "shiii" ya kanda ni sauti isiyo na mpangilio, na programu inapata taabu kuieleza kwa maneno machache, hivyo biti nyingi zinakwenda kwenye shiii na mwimbaji anabaki na kidogo. Matokeo yake mnayajua hata kama hamkujua sababu: matoazi yanayosikika kama maji yanayozunguka kwenye ndoo. Watu wakaona ni uzee wa wimbo. Wimbo haukuwa hivyo hata siku moja.

Lakini kilichoniuma zaidi kwenye MP3 ni jina, kuliko sauti.

Kaseti ilikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa na mwandiko wa mtu. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni utaratibu wa kubandika maelezo mwishoni mwa faili, ID3, baiti 128 tu. Herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maoni, na baiti moja ya aina ya muziki. Jaribu kuandika humo "Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila". Inakatika kwenye "Supe". Matimila hayupo. Na ile baiti ya aina ya muziki ilikuwa namba kutoka kwenye orodha ya aina 80. Grunge imo, polka imo. Taarab haimo. Nyimbo za taarab nilizozikuta kwenye kompyuta za watu zilikuwa zimewekwa "Other", yaani nyinginezo, au namba 48, "Ethnic". Muziki ambao Siti binti Saad alivuka nao bahari kwenda kuurekodi Bombay mwaka 1928 hauna hata namba yake. Matoleo ya baadaye ya ID3 yaliondoa ufinyu huo, ila madhara yalishaingia mtaani.

Mtaani kulikuwa na vibanda. Kijana mwenye kompyuta, spika mbili zinazoelekea barabarani, na msomaji wa memori kadi. Unampa kadi unamwambia, "Nijazie zilipendwa," naye anajaza. Watu wazima walitoka pale na nyimbo mia tatu ambazo hawakuzichagua, nyingi zikiitwa Track 03. Baadaye ikaja WhatsApp, ambayo ikipokea faili la muziki kwenye simu mara nyingi hulipa jina lake, AUD, tarehe, kisha WA na namba. Tarehe hiyo ni ya siku ulipotumiwa. Nimepokea wimbo wa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, ukiwa na jina la Agosti 2014. Hakuna bendi, hakuna mtunzi. Mwanamuziki asiyetajwa ni vigumu hata kudai chake COSOTA, taasisi ya hakimiliki, na kwa mzee aliyepiga besi mwaka 1978 hilo si jambo dogo.

Enzi ya kaseti nayo ilikuwa na unyang'anyi wake, sitaki kuipamba. Nakala ya nakala ilipoteza nguvu kila ilipohama mkono, na ya tano ilikuwa karibu shiii tupu. Nina wateja wenye asili ya Unguja walioko Muscat. Zamani kaseti ya taarab ya harusi iliwafikia kwa mkono wa msafiri, ikiwa imeshapita nyumba tatu. Sasa naituma asubuhi, wanaisikiliza kabla ya kahawa, na kila ndugu anapata ileile. Bibi mmoja aliniambia kwa simu amemtambua mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi, kwa namna anavyovuta noti, jambo ambalo nakala yake ya zamani haikumruhusu. Faili lilimrudishia mtu.

Tulipohamia kwenye muziki wa kutiririshwa, Boomplay, YouTube, na Spotify iliyofika kwetu Februari 2021, hata faili lenyewe limetoka mikononi. Unachonacho ni ruhusa ya kusikiliza, bando likiwepo. Sina mengi ya kusema hapo, isipokuwa moja ninaloliona kwa vijana wanaonisaidia. Wimbo wa dansi una dakika saba, nane, tisa. Unaanza polepole, hadithi inasimuliwa, kisha ndipo chemko linapoingia, magitaa yanajibizana na tarumbeta zinapanda. Kwenye kaseti kuruka wimbo ni kazi: unapeleka mbele kwa kukisia, unapitiliza, unarudisha. Kwa hiyo ulikaa, na chemko lilikukuta umeshamsikiliza mwimbaji na malalamiko yake hadi mwisho. Vijana wangu wanausikiliza sekunde arobaini wanahamia mwingine. Wanayo maktaba kubwa kuliko ya redio yoyote ya utoto wangu na chemko wanalifikia kwa nadra.

Mwaka 2008 nilifanya kosa ambalo siwezi kulirekebisha. Familia moja ilileta kanda za salamu. Zile salamu za RTD: mtu ananunua kadi, anaandika majina, anaituma, na siku moja mtangazaji anasoma jina lako na kijiji chako nchi nzima ikisikia, kisha wimbo unafuata. Mimi nikazikata nyimbo moja moja, nikazisafisha, nikayatupa maneno ya mtangazaji kwa sababu nilidhani ni takataka kati ya nyimbo. Kanda zenyewe zilikuwa zimekauka, zikakatika wakati wa kurudisha. Dada wa familia ile aliposikiliza CD aliniuliza kwa upole, "Na pale baba alipotajwa?"

Siku hizi natoa mafaili mawili kwa kila upande wa kaseti. La kwanza ni upande mzima bila kukata wala kusafisha chochote, kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kupoteza hata biti moja. Humo jogoo yumo, mtangazaji yumo, kitufe kinachobonyezwa kinasikika. La pili ni nyimbo zilizokatwa kwa ajili ya simu, na majina nayaandika kwa mkono wangu: bendi, mtunzi kama anajulikana, mwaka kama upo, halafu kwenye sehemu ya maoni naandika kanda ni ya nani, ilirekodiwa wapi na kwa redio gani. Wateja wananiuliza kwa nini nawahoji sana.

Yule mzee wa Temeke nilimrekebishia. Nilichukua nakala yangu safi, nikaikata palepale kanda yake ilipoanzia, kwenye nusu ya neno, na mbele yake nikaweka ule mlio wa kitufe kutoka kwenye kaseti yake, ambao ukungu haukuufikia. Mjukuu akaniambia, "Fundi, huu umekatika mwanzo." Babu alikuwa ameshaanza kuimba.