Askofu wetu haletwi na Canterbury

Jumapili imejirudia tena. Mama mmoja kanisimamisha nje ya kanisa letu la Anglikana, mwanawe ameshika daftari la kipaimara, akaniuliza: "Mwalimu, huyu askofu anayekuja kuwawekea watoto mikono ametumwa na Canterbury, sivyo?" Miaka yote niliyofundisha darasa hili hapa Nairobi, swali hilo halijawahi kunipita.

Hapana, mama. Canterbury, kiti kikuu cha Waanglikana kule Uingereza, si Vatikani. Askofu Mkuu wa kule hateui, hahamishi wala hamfukuzi askofu yeyote wa Kenya. Najua dhana ilikoanzia. Mwaka 1955 maaskofu wetu wa kwanza Waafrika, Festo Olang' na Obadiah Kariuki, waliwekwa wakfu Namirembe, Kampala, na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo. Lakini 1960 tulipata jimbo letu, yaani kundi la dayosisi linalojitawala, pamoja na Tanganyika, na 1970 Kenya ikasimama peke yake, Olang' akiwa askofu mkuu. Miaka zaidi ya hamsini! Siku hizi kiti kikibaki wazi, wajumbe hukaa, makasisi kwa walei (waumini wasio makasisi), wakapiga kura. Ukipata nafasi ya kuhudhuria ibada ya kuwekwa wakfu, achana na wageni mashuhuri, utazame mikono. Mteule hupiga magoti, maaskofu wakamzunguka, wakasongamana hadi majoho yanafunikana, wa nyuma akinyoosha mkono juu ya bega la mwenzake ili afikie kile kichwa. Wasipungue watatu: hivyo ndivyo Mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulivyoagiza mwaka 325, Canterbury yenyewe bado haijapata askofu. Mwandikie mtoto hilo kwenye daftari, tafadhali.

Mengine ni mepesi. Askofu wa Kianglikana huoa. Mwanamke naye huwa askofu: Rose Okeno alikabidhiwa dayosisi ya Butere mwaka 2021. Askofu mkuu naye ana dayosisi yake ya kuchunga, ya All Saints, hapa mjini. Wala si lazima mtu apande ngazi parishi baada ya parishi. David Gitari alitoka Chama cha Biblia cha Kenya, akawa askofu mwaka 1975.

Na askofu akifikisha miaka 65 anastaafu, lakini uaskofu hauvuliwi. Ndiyo maana mnamwona mzee wa siku nyingi, fimbo mkononi, akisogea na wenzake kuweka mkono juu ya kichwa cha mteule.