Nesi, kwa nini unaniuliza habari za wajomba wa mtoto?

Mama mmoja wa Ujiji alimleta kliniki mwanawe wa kiume wa miezi 11. Nimonia mara mbili, sikio linatoa usaha, na jirani ameshamwambia mtoto karogwa. Nilipomuuliza kama ana kaka waliofariki wadogo, alishtuka. Maswali yake na ya wenzake waliokuwa kwenye benchi ndiyo haya.

Kwani kinga haizaliwi na mtoto?

Mbegu yake ndiyo huzaliwa naye. Seli B, zile ambazo zikikomaa hutengeneza kingamwili za kupambana na bakteria, huanzia kwenye uboho ndani ya mifupa zikiwa changa. Hazikui kwa kupita siku tu, hungoja ishara. Ishara huanzia kwenye kipokezi kilicho kwenye utando wa seli, na ni lazima ifike ndani kwenye kiini, zinakowashwa jeni za ukuaji. Wapokezanaji wa ishara hiyo ni vimeng'enya viitwavyo kinesi.

Huipokezanaje?

Umeona Kibirizi asubuhi dagaa wakishushwa, ndoo inavyopita mkono kwa mkono? Ndivyo. Kinesi huchukua fosfeti, kipande kidogo cha kemikali, kutoka kwenye ATP, nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini iliyo mbele yake. Protini hiyo huamka, ikaamsha nyingine. Fosfeti yenyewe haisafiri hadi mwisho kama ndoo. Kinachosafiri ni habari. Lakini mmoja akikosekana mstarini, habari haifiki.

Akikosekana?

Mwaka 1952 daktari wa Marekani, Ogden Bruton, alieleza habari za mvulana wa miaka 8 aliyeugua tena na tena, damu yake haina kingamwili. Chanzo kilijulikana mwaka 1993: hitilafu kwenye jeni ya kinesi iitwayo BTK. Bila BTK, seli B hukwama kwenye uboho zikiwa changa.

Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Msichana ana X mbili, moja ikiharibika nyingine husaidia. Mvulana anayo moja tu, ile aliyopewa na mama. Ndiyo maana nauliza habari za wajomba: mama anaweza kuibeba bila kuugua, ila kaka zake wakaumia. Mama zangu, huu si uchawi, si laana ya ukoo, wala maziwa yako si mabaya. Tena kingamwili zako, zilizompitia kwenye kondo la nyuma, ndizo zilizomlinda miezi yake ya kwanza. Zinapokwisha, karibu na miezi 6, ndipo maradhi huanza.

Basi kila anayeuguaugua ana tatizo hili?

Hapana, ni nadra. Tunaanza na VVU, selimundu na utapiamlo. Ila nimonia mbili ndani ya mwaka, au masikio kuugua mara 4, hatuzipuuzi. Daktari humwangalia koo, maana tonsili za watoto hawa huwa ndogo mno, kisha huagiza kipimo cha kingamwili na cha seli B.

Kuna dawa?

Hupewa kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya wachangiaji, kwa mshipa, kila baada ya wiki 3 au 4, maisha yote. Ni ghali, na hilo linaniuma. Lakini anayeipata mapema hukua, husoma, huoa.

Na chanjo?

Mwenye tatizo hili hapewi polio ya matone, kwa kuwa ina virusi hai. Lakini usiache chanjo yoyote kwa kuhisi tu. Daktari aseme kwanza.