Buyang huanwu tang: dawa ya kiharusi inayoharibikia kwenye mizani

Katika tiba ya Kichina, aliyebaki amepooza upande mmoja baada ya kiharusi hupewa mara nyingi buyang huanwu tang, mchanganyiko wa dawa za kuchemsha. Iliandikwa mwaka 1830 na Wang Qingren, tabibu wa Beijing. Hesabu yake: qi, nguvu ya mwili, ina mafungu 10, matano kila upande. Matano yakipotea, upande mmoja unalala. "Huanwu" ni kuyarudisha yale matano.

Ndiyo maana mzizi wa kuongeza nguvu, huangqi, umepewa gramu 120. Vingine ni vya kufungua njia ya damu, navyo ni kidogo: ncha za mzizi wa danggui 6, mzizi wa chishao 5, kisha mzizi wa chuanxiong, maua ya honghua, viini vya kokwa za pichi na nyungunyungu waliokaushwa, 3 kila kimoja. Jumla 23 tu. (Ndiyo, nyungunyungu, shombo ya dawa hii inatoka kwao.)

Huangqi 120 za ghafla humjaza mgonjwa tumbo na kumkatia hamu ya kula, hivyo tunaanza na gramu 30 hadi 60, tukapanda taratibu. Kosa ninalolikuta ni mtu kubaki kwenye 30 huku akiongeza honghua na danggui "ifanye kazi haraka". Hapo umebaki na dawa ya kusukuma damu, na mgonjwa mnyonge huzidi kulegea.

Kabla ya kununua, tafuna kipande cha huangqi: utamu kidogo, halafu ladha ya maharage mabichi. Kikinuka uchachu kimefukizwa salfa, kirudishe.

Tumia chungu cha udongo, si sufuria ya alumini. Ponda viini vya pichi. Loweka vyote nusu saa, maji yapite dawa kwa vidole viwili. Huangqi hunywa maji sana, na asiyeloweka huunguza. Ikichemka, punguza moto, dakika 40. Chuja, ongeza maji, chemsha tena dakika 25. Changanya maji ya mara zote mbili, ugawe asubuhi na jioni, yanywewe vuguvugu baada ya chakula. Wang alikataza kuikata ghafla mtu akipona: anywe dozi moja kila baada ya siku 3 hadi 5, au 7 hadi 8.

Haiondoi mazoezi ya viungo wala vidonge vya hospitali. Dawa nyingine ya mitishamba ya China, FYTF-919, ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,648 wa kiharusi cha kuvuja damu. Matokeo ya 2024 hayakuonyesha tofauti na dawa bandia baada ya siku 90.

Uso mwekundu, presha juu, kichwa kinagonga: usimpe. Damu imevuja kichwani siku hizi hizi: usimpe kabisa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse bila daktari wake kujua, kwani danggui huiongezea makali na damu ikatoka ovyo.

Halafu kumeza. Maji mepesi kama haya ndiyo humpalia mgonjwa wa kiharusi, yakateremkia mapafuni na kuzaa nimonia. Apimwe kumeza kwanza. Akikohoa au sauti ikigeuka ya majimaji baada ya funda la kwanza, weka kikombe chini.