Asidi ya pikriki: kagua chupa ya manjano iliyosahaulika kabatini

Asidi ya pikriki huuzwa ikiwa imelowa, fuwele za manjano zilizolala ndani ya maji. Maji hayo, angalau asilimia 30 ya uzito, ndiyo yanayoizuia isilipuke. Ikikauka, chupa ya maabara imebaki na baruti ileile iliyojazwa kwenye makombora ya Wafaransa kwa jina la melinaiti, ya Waingereza kwa jina la lidaiti, na ya Wajapani waliopigana na Warusi Tsushima mwaka 1905.

Majeshi yaliichoka kwa sababu inakula metali. Ikigusana na metali ya risasi, shaba au chuma huzaa chumvi ziitwazo pikreti, na baadhi yake hulipuka kwa msuguano mdogo tu. Ilibidi makombora yapakwe vanishi ndani. TNT, baruti nyingine, haina tabia hiyo, tena huyeyuka kwenye nyuzi 80 hivi badala ya 122, kwa hiyo ikachukua nafasi.

Maabara bado zinaihitaji. Kipimo cha Jaffe, cha tangu 1886, hupima kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) kwa rangi ya machungwa inayotokea ikikutana na pikreti ndani ya alkali. Dawa ya Bouin ya kuhifadhi tishu ni mililita 75 za maji yaliyoshiba asidi hii, 25 za formalini na 5 za asidi asetiki kali. Vikiwa vimiminika havina neno. Balaa ni tone lililokaukia mezani, kwenye kitambaa, na zaidi ya yote shingoni mwa chupa.

Kwa hiyo kagua kwa macho kwanza, mikono mbali, ukimulika kwa tochi. Ukiona fuwele zimelowa vizuri, kifuniko ni cha plastiki na shingo ni safi, ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke, futa shingo kwa kitambaa kibichi (kisha kisuuze, usikianike), andika tarehe, rudia kila miezi sita. Ukiona unga mkavu, ukoko chini ya kifuniko, au kifuniko cha metali, usikifungue: kule kukizungusha ndiko kunakosaga fuwele. Usiitikise, usiihamishe. Toa watu, funga chumba, ita polisi wa mabomu.

Wala usiimwage kwenye sinki. Mabomba ya zamani yana risasi na shaba, na fundi atakayekuja na msumeno miaka kumi baadaye hatajua.