Je, wajua kwa nini kampuni ya Commodore ilikufa, ilhali kompyuta yake ndiyo iliyouzwa kuliko zote?

Ukiiona Commodore 64 kwa mara ya kwanza utadhani ni kibodi tu: kitu kinene cha rangi ya udongo, kimeinuka mgongo. Kumbe kompyuta yote imo humo ndani. Unaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni, unabonyeza swichi ya ubavuni, na papo hapo skrini inageuka buluu. Mstari mmoja unakwambia una nafasi ya baiti 38,911 za kuandikia programu yako. Chini yake limeandikwa neno READY, kisha kimraba kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika. Hakuna picha wala orodha ya mambo ya kuchagua. Inakusubiri wewe uiambie la kufanya. Watoto wengi wa Ulaya na Marekani wa miaka ya 1980 walijifunza kuandika programu mbele ya kimraba hicho, na baadhi yao wakaja kuishi kwa kazi hiyo.

Mashine hiyo ilianza kuuzwa Agosti 1982 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1994. Makadirio ya chini yanasema ziliuzwa zaidi ya milioni 12, na kitabu cha rekodi cha Guinness kimeiandika kuwa modeli moja ya kompyuta ya mezani iliyouzwa zaidi duniani. Halafu mwaka huohuo wa 1994 kampuni iliyoitengeneza ikafilisika. Imekuwaje?

Wengi hujibu kwamba ni uongozi mbaya na matangazo dhaifu. Ni kweli, lakini mimi naona jibu linaanzia kwenye kiwanda kimoja cha chipu, vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha kompyuta, huko Pennsylvania, Marekani. Kiwanda hicho ndicho kilichoiinua Commodore, na kilipoachwa kizeeke, kampuni nayo ikadhoofika.

Mwanzilishi wa Commodore, Jack Tramiel, alizaliwa mwaka 1928 mjini Łódź, Poland, katika familia ya Kiyahudi. Alipita kambi ya mauaji ya Auschwitz akatoka hai, akahamia Marekani baada ya vita, akaingia jeshini, na huko akajifunza kukarabati taipureta. Kutoka kwenye duka la taipureta ikazaliwa Commodore, mjini Toronto. Biashara ikahama kutoka taipureta hadi mashine za kujumlishia, kisha vikokotoo vya mkononi.

Kwenye vikokotoo ndiko alikoumizwa. Chipu alikuwa akizinunua kwa Texas Instruments. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni hiyo ikaamua kutengeneza vikokotoo vyake yenyewe na kuviuza kwa bei ya chini mno, kiasi kwamba aliyekuwa akinunua vipuri kwao hakuweza tena kushindana nao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tramiel akaapa kutotegemea tena chipu za mtu mwingine, na mwaka 1976 akainunua MOS Technology, kampuni iliyokuwa na kiwanda chake.

Pamoja na kiwanda alipata hazina. Mhandisi Chuck Peddle na wenzake walikuwa wametoka Motorola kwa sababu kampuni hiyo haikutaka kutengeneza kichakataji, chipu iliyo ubongo wa kompyuta, cha bei rahisi. Wakiwa MOS wakatoa 6502, wakaiuza dola 25 wakati vichakataji vya wengine vilikuwa mamia ya dola. Septemba 1975 waliipeleka kwenye maonyesho ya San Francisco. Kuuza ndani ya ukumbi kulikatazwa, kwa hiyo wanunuzi walielekezwa kwenye chumba cha hoteli, na humo walikuta mtungi wa kioo umejaa chipu. Inasimuliwa kwamba zilizofanya kazi ni zile za juu tu, na zile za chini ziliwekwa kujaza mtungi. Mmoja wa walionunua alikuwa Steve Wozniak, naye akaitumia 6502 kuundia kompyuta ya kwanza ya Apple. Kwa hiyo Apple II, iliyokuja kuwa mshindani mkubwa wa Commodore, ilitembea kwa chipu iliyobuniwa na kampuni aliyokuwa akiimiliki Tramiel!

Peddle alimshawishi bosi wake mpya kwamba vikokotoo havina maisha marefu, na mwaka 1977 ikatoka PET, moja ya kompyuta za kwanza ambazo mtu wa kawaida aliweza kununua zikiwa zimekamilika. Baadaye ikaja VIC-20, ya kwanza duniani kuuzwa zaidi ya milioni moja. Kisha ikaja 64 yenyewe.

Hapa ndipo faida ya kiwanda inapoonekana. Mtu anayenunua chipu analipa gharama ya kuitengeneza pamoja na faida ya muuzaji. Mchoro ukiwa na kosa, anasubiri miezi. Wahandisi wa Commodore waliweza kuchora, kupeleka kiwandani kwao, kujaribu, kurekebisha na kurudisha, tena kwa gharama ya kutengenezea tu. Al Charpentier akasimamia chipu ya picha, VIC-II. Bob Yannes akatengeneza SID, chipu ya sauti ambayo ilikuwa ala ya muziki kamili: sauti tatu, kila moja ikipangwa kivyake, na kichujio cha kulainisha au kukwaruza mlio. Hadi leo wapo wanamuziki wanaoisaka.

Bei ilianza dola 595. Baada ya kama mwaka mmoja ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 200, kwa sababu Tramiel aliiona biashara kuwa vita na alikuwa na deni la kulipiza. Oktoba 1983 Texas Instruments, ambao nao walikuwa wakiuza kompyuta, walisalimu amri na kuacha kabisa kompyuta za nyumbani.

Ushindi huo uliacha majeraha. Fikiria mwenye duka aliyejaza stoo kwa bei ya jumla ya mwezi uliopita, kisha akaona maduka makubwa ya bidhaa rahisi yanauza mashine ileile kwa pungufu ya alichonunulia yeye. Mawakala wa namna hiyo hawakusahau, na walikuja kuhitajika baadaye.

Januari 1984, baada ya kugombana na mwenyekiti na mwekezaji mkuu Irving Gould, Tramiel aliondoka. Miezi michache baadaye akanunua kitengo cha kompyuta cha Atari na kuwa mshindani wa kampuni aliyoianzisha.

Commodore nayo ikanunua Amiga, kampuni ndogo ya Jay Miner na wenzake. Amiga 1000 ilizinduliwa New York Julai 1985: rangi 4,096, sauti ya stirio, na uwezo wa kuendesha programu kadhaa kwa pamoja. Ukifungua kasha la modeli hiyo, ndani ya kifuniko utakuta saini za waliounda, na kati yake alama ya unyayo wa Mitchy, mbwa wa Miner. Watu waliipenda kazi yao kiasi hicho. Lakini mashine ya namna hii ilihitaji muuzaji wa kukaa na mteja na kumweleza, na mawakala wengi Marekani walikuwa wameshaipa Commodore mgongo. Ulaya ndiko ilikopendwa zaidi, hasa Ujerumani na Uingereza.

Hata hivyo, mashine bora hukupa muda tu, na Commodore iliuchezea muda huo. Thomas Rattigan, aliyeirudisha kampuni kwenye faida, aliondolewa 1987. Fedha za utafiti zilibanwa mwaka hadi mwaka. Uwezo wa picha wa Amiga ulibaki karibu uleule wa 1985 hadi 1992, wakati kompyuta za mtindo wa IBM zilikuwa zimepata VGA, mfumo mpya zaidi wa picha, na kadi za sauti. Na kile kiwanda? Kiliendelea na NMOS, teknolojia ya zamani ya kutengenezea chipu, wakati wenzao walishahamia CMOS, inayotumia umeme mdogo na kuruhusu chipu zenye mengi zaidi ndani. Amiga 1200 ilipotoka, chipu yake kuu ya picha, Lisa, ilibidi itengenezwe na Hewlett-Packard. Kampuni iliyonunua kiwanda ili isitegemee mtu sasa ilibisha hodi kwa wengine.

Tarehe 29 Aprili 1994 Commodore ilitangaza kufunga. Jina na haki zake zilinunuliwa mwaka uliofuata na Escom ya Ujerumani, nayo ikafilisika 1996.

Kiwanda cha Pennsylvania nacho kimeacha alama yake. Kemikali ya kusafishia ilivuja kutoka kwenye tangi lililozikwa chini na kuingia kwenye maji ya ardhini, na mwaka 1989, Commodore ingali hai, serikali ya Marekani iliingiza eneo hilo katika orodha ya maeneo yaliyochafuliwa yanayopaswa kusafishwa. Humo liliandikwa kwa jina la mwenye kiwanda: Commodore Semiconductor Group.