Mkishamnyima paka chakula, panya hawapungui

Wafugaji wa paka hapa Unguja hawaachi neno hili: mnyama huua kwa njaa tu, anayeua bure ni binadamu peke yake, kwa hiyo paka alale na njaa ndipo akamate panya. Matokeo yake paka analetwa kutibiwa mbavu zikihesabika, na panya dukani wamejaa vilevile.

Kwa paka, hamu ya kuwinda na hamu ya kula ni vitu viwili. Katika majaribio yaliyochapishwa 1976, paka waliokuwa wanakula chakula wakipendacho walikiacha, wakaua panya, kisha wakarudi kumalizia chakula. Mawindo mengi humponyoka, kwa hiyo paka anayengoja tumbo liwe tupu angekufa. Njaa humharakisha kuua, ni kweli, lakini aliyedhoofika anashindwa mbio na mwisho huhamia jaani.

Na kule "kumtesa" panya? Buku hung'ata vibaya. Paka humpiga kwa kucha na kuruka nyuma, mpaka buku achoke, ndipo amtie meno shingoni. Panya akiwa mkubwa na paka ameshiba, shughuli hurefuka. Panya anaumia, hilo halina ubishi. Ila mkatili ni yule anayejua kuwa mwenzake anaumia na akayataka maumivu yale, na hakuna ushahidi kuwa paka anafika huko. Anayemfungia chakula makusudi, huyo anajua.

Mlisheni! Paka wa kilo 3 hadi 4 anahitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku, kwa milo miwili au mitatu. Wali na mchuzi havimtoshi: bila taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, moyo hudhoofika na macho hupofuka. Samaki apikwe, maana baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1. Panya wazuieni kwa kuziba matundu, hata ya milimita 6, na kuweka mchele kwenye mapipa yenye vifuniko. Sumu ya kuzuia damu kuganda msitie kabisa, kwani paka akila panya aliyekula sumu hiyo naye huvuja damu ndani.

Si paka peke yake anayeua bila njaa. Ngawa aliyemaliza banda zima la kuku halipizi kisasi. Kuku hawana pa kukimbilia, na kila anayepapatika huamsha tena silika ya kung'ata.

Na pomboo wa Kizimkazi msimdhanie mpole: hatabasamu, taya lake ndivyo lilivyoumbwa. Jamaa zake wa pwani ya Uskoti huua porpoise, wanyama wa bahari wanaofanana na pomboo lakini wadogo zaidi, na hawawali.

Eti binadamu pekee huua wa aina yake? Huko Gombe, mkoani Kigoma, kati ya 1974 na 1978, sokwe wa kundi la Kasakela waliwavizia madume wa kundi jirani la Kahama mmoja mmoja, wakamshika na kumng'ata hata baada ya kuacha kujitetea. Simba dume wa Serengeti naye, akiteka kundi, huua watoto wachanga aliowakuta, na mama zao huwa tayari kupandwa tena baada ya muda mfupi.