Uchoraji dhahania wenye asili ya Kikorea: maana yake na unavyofanyika

Uchoraji dhahania ni ule usiolenga kuonyesha sura ya kitu. Humo hutafuti mtu, mnyama wala nyumba; kazi yote inabebwa na rangi, mistari, maumbo na namna rangi ilivyopakwa. Ukisikia kwamba mchoro wa aina hii umetokana na urithi wa familia na simulizi za kale za Korea, maana yake ni kwamba mchoraji amechukua kanuni iliyokuwa ikitumika nyumbani, iwe ya kupanga rangi, kushona au kufunga vitu, akaiachia iamue mchoro uendeje.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakorea wana picha za kienyeji ziitwazo minhwa, na maarufu kuliko zote ni ya simbamarara chini ya msonobari na ndege wa jamii ya kunguru juu yake: simbamarara hufukuza balaa, ndege huleta habari njema, na zamani picha ilibandikwa mlangoni mwa nyumba mwaka mpya. Ukimchora simbamarara huyo juu ya madoa ya rangi, umechora simbamarara. Ukijiuliza picha ile inafanya kazi gani mlangoni, ni kipi kinachozuia na kipi kinachokaribisha, ukayajibu hayo kwa uzito na nafasi ya rangi tu, hapo umeingia kwenye dhahania.

Kanuni ya kwanza kuijua ni rangi tano, obangsaek. Bluu ni mashariki, mti na majira ya kuchipua. Nyeupe ni magharibi, chuma na vuli. Nyekundu ni kusini, moto na kiangazi. Nyeusi ni kaskazini, maji na majira ya baridi. Manjano ni katikati, udongo. Kila upande una mlinzi wake: joka la bluu, simbamarara mweupe, ndege mwekundu na kobe mweusi. Rangi hizi hazikukaa vitabuni. Zimo kwenye mikono yenye milia ya nguo za watoto, saekdong, zinazovaliwa siku mtoto anapotimiza mwaka. Siku ya usiku mrefu kuliko zote hupikwa uji wa maharage mekundu, kwa sababu wekundu hufukuza pepo. Zamani mtoto akizaliwa, mlangoni ilitundikwa kamba ya mabua ya mpunga kwa siku 21, imesokotwa kuelekea kushoto, kinyume cha kamba ya kazi. Ya mtoto wa kiume ilichomekwa pilipili nyekundu. Ya msichana, makaa na vitawi vya msonobari.

Itazame kamba hiyo kwa jicho la mchoraji: mstari mmoja uliolala, mwelekeo wake umegeuzwa makusudi, na nukta chache zilizoachiana nafasi. Kwa vitu hivyo tu jirani alijua kuna mtoto, alijua ni wa jinsia gani, na alijua asiingie. Mimi naona huo ni mchoro dhahania uliokamilika.

Kwenye kanvasi, rangi tano zikiwekwa kwa nguvu moja na ukubwa mmoja hugombana, na manjano hutangulia mbele ya zote kwa kuwa ndiyo inayong'aa. Mafundi wa dancheong, yaani rangi za mbao za mahekalu na majumba ya kifalme, huzitenganisha kwa mstari mweusi na mweupe. Njia nyingine ni kuzipatanisha kwa rangi tano za kati: kijani, bluu hafifu, waridi, zambarau na manjano iliyofifia. Ila uwe mwangalifu. Simulizi ya zamani husema zambarau ni nyekundu na nyeusi, lakini nyekundu nyingi za tyubu ukizichanganya na nyeusi hutoa kahawia. Chagua nyekundu inayoelekea zambarau. Manjano ukiitia nyeusi huwa kijani cha zeituni, kwa hiyo tia na tone la nyekundu.

Kanuni ya pili iko kwenye jogakbo, vitambaa vya kufungia vitu vilivyoshonwa na wanawake kwa mabaki ya hariri na mosi, kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga. Watu hupenda kuvilinganisha na michoro ya miraba ya Ulaya, lakini havikuanza na mpango. Kilichoamua umbo ni ukubwa wa kipande kilichobaki, na kila mshono ulihesabiwa kuwa dua ya baraka. Kishike kwenye dirisha: mistari myeusi unayoiona haikuchorwa na mtu. Ni mahali kingo za kitambaa zilipokunjwa zikalaliana, mwanga ukapungua.

Ili kupata mstari wa namna hiyo kwa rangi, paka eneo la kwanza kwa rangi nyepesi inayopitisha mwanga, subiri likauke kabisa, kisha paka la pili likilipanda la kwanza kwa milimita 3 au 4. Usipongoja, rangi zinachanganyika na ukingo unayeyuka. Ukitumia rangi nzito isiyopitisha mwanga, ya juu inaifunika ya chini na mshono hauonekani.

Ya tatu ni hanji, karatasi ya maganda ya ndani ya mforosadi wa karatasi. Majimaji ya utelezi yanayozitawanya nyuzi zake sawasawa hutoka kwenye mizizi ya mmea ulio jamaa ya bamia. Hanji ghafi hunywa rangi mara moja na kutapanya kingo. Ukitaka kuizuia, ipake gundi ya ngozi na shabu: kianzio kizuri ni gundi gramu 20 kwa lita 1 ya maji, na shabu isiyozidi gramu 8. Loweka gundi usiku kucha kwenye maji baridi, kisha ipashe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji moto, joto lisizidi nyuzi 60 za Selsiasi. Ikichemka inapoteza nguvu. Shabu ikizidi, karatasi inakuwa kavu na kukatika baada ya miaka. Jaribu kwa tone la maji: likikaa juu, iko tayari, likizama, paka tena safu nyembamba.

Waliozifikisha mbali kanuni hizi wanajulikana. Mchoraji Kim Whanki (1913–1974), mzaliwa wa kisiwa cha Anjwa huko Korea, alianza na mitungi myeupe, mwezi na milima. Akiwa New York miaka ya 1970 alibakiza nukta tu, kila moja imezungushiwa mraba, kwa rangi ya mafuta aliyoipunguza hadi ikaenea kitambaani kama wino. Anayemwiga azuie kwanza kitambaa kwa gundi na apunguze rangi kwa tapentaini, si kwa mafuta; vinginevyo kila nukta itaota duara la manjano na pamba itaoza. Mume wa binti yake, mchoraji Yun Hyong-keun, alijenga nguzo za giza kwa kahawia na bluu juu ya kitani kisichopakwa kitu.

Naye msanii Chun Kwang-young tangu miaka ya 1990 hufunga vipande vya pembetatu kwa kurasa za vitabu vya kale, kwa kukumbuka vifurushi vya dawa vilivyoning'inia darini kwa jamaa yake mganga wa mitishamba. Kwenye kazi zake hakuna picha ya dawa hata moja. Kilichobaki ni kufunga, kukaza uzi na kurundika.

Ukitumia karatasi za familia yako mwenyewe, zipige picha kwanza, kisha jaribu maji kwenye kona moja. Wino wa masizi uliokauka zamani kwa kawaida hustahimili, ila wa kalamu nyingi za siku hizi huvuja na kuchafua ukurasa mzima.